WSS ni swichi ya reli, siyo swichi ya ukutani

WSS ni kifupi cha Kiingereza wavelength selective switch, kifaa cha mitandao ya faiba, zile nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga. Juzi kijiweni barabara ya 7 hapa Ngamiani, Tanga, kuna kijana wa kuvuta faiba alikuwa kashika splita mkononi, ile ya mlango mmoja kuingia na minane kutoka, anamwelekeza mwenzie eti "hii ndo WSS, inagawa mawimbi." Wiki hiyo hiyo nikakutana na mwingine, huyu ana diploma kabisa, ananiambia WSS ni swichi kama zile za ofisini ila ya mwanga, inasoma pakiti, yaani vile vifurushi vya data, inajua iende wapi. Nimeyasikia haya mara nyingi mno sasa, ngoja niandike.

Maana yake kwa kifupi: uzi mmoja wa faiba unaingia umebeba rangi nyingi za mwanga kwa pamoja, na WSS inaweza kuitoa kila rangi peke yake kwenye mlango unaoutaka wewe, kesho ukabadilisha mawazo unaiamuru kutoka mbali, hakuna fundi wa kwenda kuchomoa chochote. Basi. Nasema rangi ili twende pamoja, mwanga wenyewe uko kwenye nanomita 1530 mpaka 1565 hivi na jicho haliuoni.

Kinachowachanganya watu ni neno swichi. Sisi tulilipata kwa umeme, ya ukutani, unawasha unazima, halafu ikaja ya kompyuta. Lakini huko kwenye Kiingereza zamani lilikuwa fimbo nyembamba ya kuchapia farasi, kijiti kinachopindika, na baadaye Wamarekani wakaviita hivyo vile vyuma vya reli vinavyosogezwa ili treni iache njia moja ishike nyingine. Hiyo ndiyo swichi iliyomo ndani ya WSS, na mtu wa Tanga angetakiwa kuielewa mapema kuliko wengi maana reli hapa imeanza kujengwa 1893. Treni inafika kwenye njia panda, vyuma vimeshasogezwa, inapita, na hakuna aliyefungua behewa kuchungulia kama ndani kuna mkonge au saruji. Swichi ya ofisini ndo inafungua behewa: inageuza mwanga kuwa umeme, inasoma anwani ya kila pakiti, ndipo inapeleka. WSS haigeuzi chochote, mwanga unaingia mwanga unatoka, na ndani yake kuna pakiti gani za nani haijui na haihitaji kujua.

Chukua CD ya zamani, isimamishe juani uone ule upinde wa mvua unaoruka ukutani. Ndani ya WSS kuna kioo chenye mistari midogo midogo kinachofanya kazi hiyohiyo, kinautawanya mwanga kila rangi inaangukia sehemu yake, na pale zinapoangukia kuna ama vijioo vidogo sana vinavyoinama, ama kipande cha silikoni kilichofunikwa kile kimiminika cha kwenye vioo vya LCD, pikseli zake zinaupindisha mwanga kidogo tu juu au chini, ukirudi unaingia uzi mwingine. WSS ya vijioo mara nyingi kila rangi ina kijioo chake, upana umeshafungwa. WSS ya pikseli inaweza kuipanua rangi au kuibana kwa kubadilisha programu tu. Zamani rangi zilikaa kama barabara zetu za Ngamiani, kwa namba na nafasi sawa, hatua ya gigahezi 50 ambayo ni kama nanomita 0.4 tu, siku hizi upana unakatwa kwa vipande vya gigahezi 12.5 kadiri mzigo unavyotaka.

Na hapa ndipo mbunifu anapotoka jasho. Doa la kila rangi likianguka nene kuliko inavyotakiwa, kingo za njia ya rangi hiyo zinakuwa za mviringo badala ya kusimama wima, na mwanga ukipitia WSS nyingi mfululizo kila moja inamega kidogo pembeni, mpaka ile njia iliyoanza pana inafika imekonda na data zinaanza kuharibika. Ukipima WSS moja mezani tatizo hulioni.

Sasa nirudi kwa splita. Splita haichagui. Inaugawa mwanga wote sawasawa, kila mguu katika ile minane unapata rangi zilezile zote, ila nguvu ni moja ya nane au pungufu, na huwezi kuiambia hii ipeleke kule ile ibaki huku. Ni kifaa kizuri, majumbani kinafanya kazi kubwa na hakili umeme.

Kwa hiyo mdogo wangu wa barabara ya 7, ulichoshika ni splita, iite splita. Na kaka wa diploma, ukisema swichi ya mwanga uko sawa, ila hilo la kusoma pakiti liache huko huko kwa swichi ya ofisini.