Kamba wa akwariamu kukwama kwenye gamba: maswali yenu

Swali: Nimekuta kamba chini ya tenki mweupe kama kioo, kafa?

Mchungulie vizuri kwanza. Kama ni mtupu ndani hilo ni gamba tu, mwenyewe kajificha kwenye majani maana mwili bado laini. Usilitoe, watalitafuna wapate madini. Mkubwa anajivua kila wiki 3 au 4 hivi, wadogo mara nyingi zaidi.

Swali: Wangu alikuwa na mstari mweupe umemzunguka shingoni, kesho yake kafa.

Pole sana aisee. Gamba linatakiwa kupasuka juu mgongoni, pale kichwa kinapokutana na mkia, anajikunja anajirusha mara moja katoka. Sasa likiachia kuzunguka mwili mzima, nusu inabaki mbele nusu nyuma, anahangaika mpaka nguvu zinaisha. Wachache wanaponyoka. Kumvuta na kibano mi sishauri, utamng'oa miguu bure.

Swali: Si ni upungufu wa kalsiamu? Nimeshaweka maganda ya mayai.

Hapo ndo wengi mnapopotea. Kalsiamu anaihitaji, na magnesiamu pia, ila maganda ya mayai yanayeyuka taratibu mno, maji yakiwa na pH juu ya 7, yaani hayana asidi, ni kama umeweka mapambo. Mi huwa nauliza kwanza umebadilisha maji lini, najibiwa "juzi, nusu tenki". Maji mapya yakitofautiana sana na ya zamani kamba anashtuka, anajivua kabla ya wakati. Mwenyewe masika moja nilikinga maji ya bati nikamwaga nusu tenki nikijiona mjanja, kumbe ya mvua hayana madini, siku tatu nikaokota saba wamekufa. Sikuhizi nabadilisha asilimia 10 kwa wiki, nayaingiza kwa mrija mwembamba tone kwa tone.

Swali: Nipime nini?

GH, yaani ugumu wa maji, wingi wa hiyo kalsiamu na magnesiamu. Kwa hawa kamba wekundu wa cherry, GH ya 6 hadi 8 inafaa, joto nyuzi 22 hadi 25. Ya kisima yapime kabla, hasa pwani, mengine yana chumvi. Na dawa za samaki zenye shaba usithubutu.

Swali: Jike langu limejivua salama, mbona madume yanazunguka kama yamechanganyikiwa?

Katoa harufu majini, wanamtafuta. Subiri siku moja mbili umwangalie chini ya tumbo, utaona mayai.