Tatizo si dalali, ni deni

Nimeambiwa tena, safari hii na mtu anayeandaa mradi wa kuwainua wavuvi: mwondoeni dalali, yule anayenunua samaki ufukweni na kuwapeleka sokoni, mvuvi atauza ghali na mlaji atanunua rahisi. Kauli hii imenichosha.

Kwenye joto, samaki anataka takriban kilo moja ya barafu kwa kila kilo yake, na lazima awepo wa kuilipia kabla soko halijajulikana. Minofu nayo, kwa samaki wengi, ni kati ya theluthi na nusu tu ya uzito wa mzima. Anayechukua bei ya mzima ufukweni na bei ya minofu dukani, kisha akaiita tofauti yote faida, hajawahi kupaa samaki.

Tena mnataka aondoke nani? Ripoti ya 2022 ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, inasema wanawake ni asilimia 21 ya wanaovua na kufuga samaki, ila ukijumlisha na kazi za baada ya hapo wanafika karibu nusu. Wamo humo wakaangaji, wakaushaji na wachuuzi.

Kinachombana mvuvi ni deni. Chombo hakitoki bila mafuta, barafu na chakula, na benki haikopeshi kwa ahadi ya samaki ambao bado wako majini. Mnunuzi, yaani dalali huyohuyo, hukopesha, kwa sharti kwamba samaki wote waje kwake kwa bei yake. Fungua daftari lake, hutaona safu ya riba. Riba imo ndani ya bei: kila kilo inapunguzwa kidogo, kila siku, na deni lenyewe liko palepale, kwa sababu ndilo linalowaleta samaki. Hata mabaharia ambao hawakukopa wanaumia, maana mgawo wao unatokana na mauzo hayohayo baada ya gharama kutolewa.

Lakini chombo kikirudi kitupu, mkopeshaji huyo husubiri. Injini ikifa, mvuvi humkimbilia yeye. Punguzo lipi ni malipo halali ya hatari hiyo, na lipi ni unyonyaji? Sijawahi kuupata mpaka wake. Mimi huangalia kama mvuvi anaweza kuhamia kwa mnunuzi mwingine. Wakiwapo wanunuzi watatu, na mtambo wa barafu usio wa yeyote kati yao, bei ina nafasi ya kupanda bila kumfukuza mtu.

Kwa hiyo mwenye mradi anijibu kwanza: dalali akishaondoka, mafuta ya safari ya kesho atayakopesha nani?