Umeteleza kwenye ngazi za nje kazini? Maswali tunayoulizwa sana

Swali: Mbona ngazi za nje ndo zinaangusha watu, za ndani hata hazina shida?

Zinanyeshewa. Masika ukoga unaota kwenye saruji, ule wa kijani mwembamba, ukiukanyaga na kiatu kilicholika soli unajikuta umeshakaa chini. Halafu na mafundi wetu nao, kidato kimoja kirefu kingine kifupi, mguu umeshazoea kimo cha vile vya juu ukifika cha mwisho unakanyaga hewa. Na wengi wanaanguka wakishuka, mkono huu simu mkono ule ndoo, chuma cha kushikia kipo ila nani akishike.

Swali: Mguu umevimba, nitajuaje umeteguka tu au umevunjika?

Kuvimba hakukwambii kitu. Madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992 walitoa kipimo rahisi: bonyeza ile mifupa inayotokeza kwenye kifundo, ndani na nje, upande wa nyuma. Mfupa wenyewe ukiuma, au hatua 4 zinakushinda, kapige eksirei.

Swali: Si nikachuliwe kwanza?

Hapana jamani, hapa ndo tunaumizana!! Kama kuna ufa, yule anayekuvuta mguu anauhamisha mfupa. Weka barafu iliyofungwa kitambaa dakika 15 mpaka 20, bandeji isibane sana, mguu juu ya mto. Maji ya moto siku mbili za mwanzo achana nayo, yanazidisha uvimbe.

Swali: Niliangukia kiganja, eksirei safi ila bado kinauma.

Rudi hospitali. Kuna kifupa kidogo kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, ufa wake wakati mwingine hauonekani kwenye picha ya kwanza, na kwa vile damu inakifikia kwa shida ukikipuuza kinaweza kisiunge kabisa. Mara nyingi wanakufunga kwanza halafu unapigwa picha tena baada ya wiki 2 hivi.

Swali: Niligonga kichwa lakini sikuzimia.

Usilale peke yako usiku huo. Ukitapika, ukichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma, hospitali muda huohuo.

Swali: Bosi anasema ni uzembe wangu, fidia napata?

Kwa Tanzania Bara kuna WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, chini ya sheria ya 2008, mwajiri ndo anachangia we hukatwi hata senti, na kuteleza tu hakukuondolei haki. Ila toa taarifa kazini siku hiyohiyo kwa maandishi, ikipita miezi 12 kimya imekula kwako, na mwambie mwenzako akipige picha kile kidato kabla hawajakisugua.