Je, wajua kwa nini wanamuziki wa mtunzi Joseph Haydn walizima mishumaa na kuondoka mmoja mmoja?

Mwaka 1772, katika jumba la Eszterháza nchini Hungaria, okestra ya Prinsi Nikolaus Esterházy ilikuwa ikimalizia simfoni mpya ya Haydn, yaani utunzi mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa. Mpiga wa kwanza wa oboe (ala yenye mwanzi mdomoni, ndugu wa zumari letu) na mmoja wa wapiga pembe wakapiga kipande chao kifupi, wakazima mishumaa iliyokuwa ikimulika nota zao, wakabeba ala zao wakatoka. Muziki ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Akafuata mpiga fagoti, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, kisha wengine wawili. Dakika chache baadaye ukumbi ulikuwa karibu giza tupu, zimebaki fidla mbili tu.

Walikuwa wanataka kwenda nyumbani.

Nikolaus alikuwa kabaila tajiri aliyependa muziki kupita kiasi, na jumba lake alilijenga karibu na vinamasi vya Ziwa Neusiedl, mbali na mji. Familia za wanamuziki wengi zilikaa Eisenstadt, kama kilomita 40 kutoka hapo. Mwaka huo aliamuru kwamba wanamuziki wasilete wake wala watoto Eszterháza, hata kwa kutembelea. Wachache tu walisamehewa amri hiyo, akiwemo Joseph Haydn mwenyewe, kiongozi wa okestra. Kisha, kana kwamba hiyo haitoshi, Prinsi akakaa kule muda mrefu kuliko kawaida yake. Wanaume wakaanza kumlilia Haydn awasemee.

Awasemee vipi? Haydn naye alikuwa mtumishi. Mkataba aliousaini mwaka 1761 ulimtaka avae soksi nyeupe, ajipake poda kichwani, na kila siku, kabla ya adhuhuri na baada yake, asimame kwenye sebule ya kungojea aulize kama bwana anahitaji muziki. Mtu wa namna hiyo haingii kwa mwajiri na kudai likizo. Alichokuwa nacho ni simfoni.

Ili uone ujanja wake, sharti ujue msikilizaji wa siku zile alitarajia nini. Simfoni ya enzi ile ya Klasiki kwa kawaida ilikuwa na sehemu nne. Ya kwanza ni ya kasi, ambamo nyimbo zinatambulishwa, zinavurugwa, kisha zinarudi nyumbani kwenye ufunguo wao, yaani jamii ya sauti ambamo muziki umejengwa. Ya pili ni ya polepole. Ya tatu ni minueti, dansi ya watu wa jumbani yenye mapigo matatu. Ya nne ni ya kasi tena, ya kuwaamsha waliosinzia na kufunga kwa kishindo. Prinsi alikuwa amesikia simfoni nyingi mno. Mpangilio huo aliujua kama mtu anavyojua swala zake.

Katika simfoni hii, namba 45, sehemu ya nne inaanza inavyotakiwa. Alama yake ni *Presto*, yaani mbio sana, na kweli inakimbia. Halafu inakatika kabla ya kufika. Baada ya kimya kidogo unaanza muziki mwingine kabisa, *Adagio*, taratibu na kwa upole. Hakuna simfoni iliyokuwa ikimalizika hivyo. Hapo ndipo watu walipoanza kutoka, na kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha malalamiko yenyewe: mishumaa ilikuwa ya macho tu, lakini sikio la bwana lilikwisha kuambiwa kwamba kuna jambo haliko sawa.

Hata ufunguo ulikuwa wa ajabu. Haydn alichagua F shapu maina, ufunguo ambao watunzi wa simfoni wa karne ile waliukwepa kabisa. Sababu moja ni zile pembe. Zilikuwa bomba refu la shaba lililokunjwa mviringo, bila vali za kubonyeza ili kubadili sauti, kwa hiyo zilitoa sauti chache za asili tu, kama baragumu. Ukitaka kubadili ufunguo, unachomoa kipande cha bomba na kuchomeka kingine chenye urefu tofauti. Kwa F shapu hakukuwa na kipande, ikabidi Oktoba 1772 viagizwe vipande maalumu vya kushusha pembe kwa nusu sauti. Mtu haagizi shaba mpya kwa utani wa siku moja.

Okestra yenyewe ilikuwa ndogo: oboe mbili, fagoti, pembe mbili, na kundi la ala za nyuzi. Wanaopenda taarabu watafurahia zamu ya besi kubwa, ala ambayo kwa kawaida hujificha nyuma ikishikilia msingi. Hapa inapewa kipande chake peke yake, inahangaika huku na huko, nayo inaaga. Zikanyamaza chelo, wakaondoka wapiga fidla wa nyuma, halafu viola. Fidla mbili za mwisho zilivalishwa kiziba sauti, zikatoa mlio mwembamba hadi ukapotea. Kwa mujibu wa masimulizi, mmoja wa wapigaji hao wawili alikuwa Haydn.

Nikolaus alielewa. Inasimuliwa kwamba kesho yake amri ya kufunga mizigo ilitoka, na msafara ukaelekea Eisenstadt.

Haydn aliendelea kumtumikia kwa miaka mingine 18. Prinsi alipofariki Septemba 1790, mrithi wake Anton, ambaye muziki haukumshughulisha, aliivunja okestra karibu yote. Haydn akalipwa pensheni na kuachwa huru. Siku ya kwanza ya mwaka 1791 alivuka bahari kuingia Uingereza. Wenzake, safari hii, walirudi nyumbani bila kuomba.