Baba akishapokea barua ya posa

Mshenga aliiweka barua mezani, imefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichodariziwa, pamoja na noti za kufungulia. Vigelegele vikaanza. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa chumbani analia. Tayari alikuwa na mpenzi wake, fundi pikipiki, na mama yake alilijua hilo. "Mwanangu, baba yako ameshapokea. Tutaziweka wapi nyuso zetu?"

Maneno hayo yamewafunga mabinti wengi, nami yananiuma kwa sababu yamejengwa juu ya dhana zisizo za kweli.

Dhana: mahari ikishapokelewa, binti ameshaolewa.

Ukweli: bado kabisa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja kati ya wanaooana. Hata ndoa ikishafungwa, ikithibitika kwamba mmoja alilazimishwa, kifungu cha 38 kinaihesabu batili. Na kifungu cha 41 kinasema ndoa haiharibiki kwa kutofuata mila za mahari. Kwa hiyo kilichopokelewa ni jambo la wazee kwa wazee, nao wanaweza kurudishiana. Binti si rehani.

Dhana: bila idhini ya baba hakuna ndoa.

Ukweli: kwa sheria hiyo, idhini ya mzazi inadaiwa kwa msichana aliye chini ya miaka 18 tu. Tena Mahakama ya Rufani, mwaka 2019, ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba kuruhusu wasichana waolewe chini ya umri huo ni kinyume cha Katiba. Kwa Waislamu suala la walii, yaani msimamizi anayemwozesha binti, lipo, lakini baba akimzuia binti bila sababu ya msingi, mlango wa kadhi uko wazi.

Dhana: anayekataa posa amewatupa wazazi.

Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote. Pesa ya mahari ilikuwa imeshapangiwa ada ya wadogo zake, naye mdogo wangu aliijua hesabu hiyo shilingi kwa shilingi. Hakutoroka. Alimtuma shangazi yake mkubwa aseme na baba, kama ilivyo desturi yetu, akaahidi kubeba ada ya mmoja kwa mshahara wake wa dukani. Anaibeba mpaka leo. Baba alinuna wiki tatu, kisha akamwita mshenga.

Kitambaa kilirudi na noti zake zote. Mama mdogo alikuwa amekifua na kukipiga pasi mwenyewe.