Jumamosi ya kumwaga lenta: kinachomalizwa Ijumaa na kinachosubiri hadi saa nane mchana

Familia nyingi za Dar es Salaam hujenga kidogo kidogo, na lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, mara nyingi humwagwa Jumamosi kwa sababu ndiyo siku mwenye nyumba hayuko kazini. Lakini Jumamosi hiyohiyo mtoto anachukuliwa tuisheni, bibi anapelekwa kliniki, mahitaji ya wiki yananunuliwa sokoni, na jioni kuna kikao cha harusi. Yote hayo huweza kuingia kwenye siku moja kwa sharti moja: tangu toroli la kwanza la zege hadi la mwisho, mwenye kauli haondoki saiti. Shughuli zote za miguu zifanywe kabla ya saa hizo au baada yake.

Sababu ni saruji yenyewe. Ikishakutana na maji, hesabu kama dakika 45 za kuichanganya, kuipandisha, kuimwaga na kuishindilia. Kwa jua la Januari hata hizo huwa hazifiki. Fundi akikosa misumari wakati huo na mwenye pesa yuko kwenye foleni Mwenge, zege lililolala chini litaongezewa maji ili "lilainike", na hapo lenta imeshaharibika kabla haijafika juu.

Kwa hiyo tuanze na Ijumaa, au Alhamisi kwa aliye makini. Chukua mfano wa nyumba yenye kuta za tofali za inchi 6, jumla ya mita 60 za lenta, upana sm 15 na kimo sm 20. Zidisha 60 kwa 0.15 kwa 0.20, unapata mita za ujazo 1.8. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) hula mifuko 6.4 hivi ya saruji kwa kila mita ya ujazo, yaani mifuko 12 kwa kazi hii. Weka 14 saitini, kwa maana mbao huvuja na ndoo humwagika. Mchanga utahitaji kama mita za ujazo 0.8 na kokoto 1.6, kisha ongeza kidogo kwa kitakachobaki ardhini. Saruji iwe ya daraja la 42.5. Ile ya 32.5 iache kwa ajili ya kujengea tofali na plasta.

Mchanga na kokoto huuzwa kwa tripu, na tripu ni neno pana sana. Kabla lori halijamwaga, panda na utepe: urefu wa bodi kwa upana kwa kimo halisi cha mzigo. Bodi ya mita 3 kwa 1.7 yenye mzigo wa kimo cha sm 40 imebeba mita za ujazo 2 tu, hata kama dereva anasema imejaa. Kokoto ziwe za robo tatu inchi, ngumu, kama zile za Lugoba. Kubwa zaidi ya hapo hukwama kati ya nondo na ubao, na chini yake hubaki shimo. Mchanga uupime kwa chupa: jaza nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha utulie saa chache. Tope likikaa juu kwa unene unaozidi sehemu moja kati ya 12 za mchanga, urudishe. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, chumvi yake hula nondo. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi vilevile. Ukiwa Kigamboni au popote karibu na bahari, agiza boza la maji yasiyo na chumvi Ijumaa mchana ujaze simtanki la lita 1,000. Zege lenyewe litakunywa kama lita 300. Yanayobaki ni ya kulowesha kuta, kuosha vifaa na kuanza kumwagilia.

Nondo zisubiri zimeshafungwa. Kwa lenta hii naweka nondo nne za mm 12, na ringi za mm 8, vile vyuma vilivyokunjwa mstatili kuzizunguka, kila sm 20, yaani ringi 300. Ringi ya sm 10 kwa 15 pamoja na ndoano zake hutumia sm 60, kwa hiyo nondo moja ya mita 12 hutoa ringi 20 na utahitaji nondo 15. Za mm 12 chukua 24, kwa kuwa kila zinapoungana hupishana sm 60 na kona nazo hula zake. Maungio yasikutane yote mahali pamoja. Kwenye kona nondo ikunjwe na kuingia ukuta wa pili walau sm 60. Ukiona fundi amezikata zikaishia konani zikitazamana, mwambie afungue. Kona ya hivyo ndiyo hutoa ufa wa mshazari juu ya dirisha miaka michache baadaye, na watu husingizia udongo.

Chini ya nondo kuwe na vitofali vidogo vya zege vya unene wa sm 2.5, kila mita moja, na pembeni pia. Mafundi wengine huokota kokoto na kuzichomeka. Kokoto huteleza zege linapoingia, nondo inalala juu ya tofali au inagusa ubao, na mvua ikianza kupenya kutu huanzia hapo.

Mbao za inchi 1 kwa 10 zinafaa: sm 20 za lenta na sm 5 za kung'ang'ania ukuta. Unahitaji mita 120 kwa pande zote mbili, ambazo ni mbao 33 za futi 12, mbali na zile za chini ya milango na madirisha. Hapo kwenye uwazi weka mirunda kila sm 60, isimame juu ya kipande cha ubao na si juu ya kifusi. Ijumaa jioni pita na kamba na pima maji, kisha piga teke la wastani kila mahali. Ubao unaotikiswa na teke utasukumwa na zege.

Mwite fundi umeme kabla siku haijaisha. Bomba zote za kushuka kwenye swichi na soketi zipite ndani ya ringi, zifungwe kwa waya na kuzibwa midomo kwa karatasi ya saruji. Asipokuja, Jumatatu atakuja na tindo. Vilevile chomeka zile nondo za mm 6 zitakazofunga wolpleti, ubao wa juu ya ukuta unaokalia paa, kama lenta yako ndiyo inayobeba paa.

Sasa mambo ya nyumbani. Pesa za vibarua zitolewe Ijumaa, kwa noti ndogo, kwa sababu wakala wa karibu huishiwa taslimu Jumamosi jioni. LUKU inunuliwe usiku kama pampu ya maji ni ya umeme. Mama ntilie apewe idadi ya sahani mapema. Bibi akiwa na kliniki asubuhi, apelekwe na mtu mwingine, na mtu huyo ajue tangu Ijumaa ili asubuhi simu yako isikuvute nje ya saiti. Tuisheni inayoisha saa saba mchana si tatizo, zege litakuwa limeshakamilika.

Jumamosi saa 12 asubuhi lowesha mbao na tofali za juu. Tofali kavu hunyonya maji ya zege na kuliacha dhaifu pale pale linapotakiwa kushikamana. Saa 1 kamili mashine iwake. Kwa mashine inayomeza mfuko mmoja, saidia fundi wanane na mafundi wawili juu ya jukwaa, mifuko 12 huisha ndani ya saa tatu hadi nne. Mkichanganya kwa mikono, iwe juu ya sakafu ngumu au bati, geuza kavu mara tatu na mbichi mara tatu, na mjue mtafika saa sita mchana.

Vipimo visiwe vya koleo. Koleo la kijana aliyetoka kulala si sawa na la saa tano. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, sm 40 kwa 35 kwa kimo cha 25: ujazo wake ni lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto, mfuko mmoja. Hapa ndipo ndugu anayetaka kusaidia apewe kazi: mjomba au shangazi akae kivulini, ahesabu masanduku na atunze mifuko mitupu. Mwisho wa kazi mifuko mitupu na zege lililoko juu vinapaswa kusema kitu kimoja.

Kuhusu maji nitasimama kidogo, kwa sababu ugomvi wote wa siku uko hapa. Mfuko mmoja unataka lita 25, pamoja na yale yaliyomo kwenye mchanga. Anza na ndoo ya lita 20, halafu ongeza kwa dumu dogo. Mvua ikiwa imenyesha usiku, hata hizo 20 zinaweza kutosha. Finya zege mkononi: likishika umbo bila kuchuruzika, linatosha. Saidia fundi wanapenda zege la uji, maana hubebeka na kumwagika lenyewe. Ila kila mfuko ukiongezewa lita 5, lenta hupoteza takriban moja ya tano ya nguvu yake, na hakuna macho yatakayoona hilo siku hiyo. Kama ni gumu kupenya katikati ya ringi, dawa yake ni kushindilia. Tumia vaibreta ndogo, mashine ya kutikisa zege, kama ipo, au chomachoma kwa kipande cha nondo ya mm 16 huku mwingine akigonga ubao kwa nyundo taratibu, hadi mapovu yaishe. Kutoshindilia ndiko kunakoleta matundu yanayoonekana mbao zikifunguliwa.

Chai ya saa nne iliwe kwa zamu. Wote wakikaa chini nusu saa, zege la juu huanza kushika na linalofuata haliungani nalo. Ikibidi kusimama, mvua imepiga au mashine imekufa, weka kibao cha wima pale zege linapoishia, juu ya ukuta usio na uwazi, mbali na kona na mbali na mlango au dirisha. Kabla ya kuendelea, kwaruza uso huo na uloweshe. Kuacha zege likamalizikia kwa mteremko ni uvivu tu.

Saa sita au saa saba kazi ya zege imekwisha, vifaa vimeoshwa, watu wanakula. Lipa hapo hapo, mtu mmoja mmoja. Sasa una mchana wote: tuisheni, soko, kikao. Kabla ya kuondoka, funika lenta kwa magunia ya katani, na ikishashika kiasi cha kutoacha alama ya kidole, yaloweshwe. Mlinzi au kijana wa jirani apewe kazi hiyo kwa siku saba, asubuhi, mchana na jioni. Hata Jumapili, kabla ya ibada.

Mbao za pembeni zinaweza kufunguliwa Jumatatu. Kozi za tofali za juu ya lenta zianze siku ya nne. Mirunda ya chini ya madirisha na milango ya hadi mita 2 ikae siku 14, na kwa uwazi mkubwa zaidi siku 21. Ikiondolewa, ianze ya katikati kuelekea pembeni, na fundi akiomba kuiazima mapema kwa ajili ya saiti nyingine, akataliwe.