Programu huria au ya kulipia? Dhana potofu kuhusu seva ya barua pepe

Katika Nyanda za Juu Kusini, kuanzia vyama vya ushirika vya kahawa wilayani Mbozi hadi viwanda vya mbao vya Mafinga na vyuo vya Mbeya na Iringa, taasisi nyingi sasa zinataka barua pepe yenye jina lao wenyewe. Mjadala wa programu ya kuendeshea seva, yaani kompyuta inayopokea na kutuma barua hizo, huanza kikaoni na mara nyingi huamuliwa papo hapo, kwa kutegemea mambo ambayo hakuna aliyeyahakiki. Nimehudumia seva za aina zote mbili, za programu huria na za kulipia, na dhana zifuatazo ndizo ninazokutana nazo zaidi.

Dhana: Programu huria ni bure, hivyo haina gharama.

Uhuru unaokusudiwa ni wa kuitumia, kuusoma msimbo wake (maagizo yanayoiunda), kuibadili na kuisambaza. Ni kweli kwamba Postfix na Dovecot, programu huria za seva ya barua pepe, hupakuliwa bila kulipia leseni, lakini mashine, diski, nakala rudufu na mshahara wa fundi hubaki palepale. Mvua za Mbeya, zinazoanza Novemba, huja na radi, na seva iliyowekwa stoo bila betri ya akiba wala kinga ya umeme itaungua, iwe imesheheni programu huria au ya kununuliwa. Kwa upande mwingine, anayenunua Microsoft Exchange, programu ya kulipia ya seva ya barua pepe, ili aiendeshe mwenyewe hulipia leseni ya seva, leseni ya Windows Server (mfumo endeshi unaoibeba), pamoja na leseni za kila mtumiaji au kifaa kinachoifikia. Kwa hiyo idadi ya watumiaji ndiyo inayobadili hesabu: ofisi ya watu wanane haina sababu ya kuhofia leseni kama chuo chenye watu mia sita, na kwa ofisi hiyo ndogo fundi wa kudumu wa programu huria anaweza kuwa gharama kubwa kuliko leseni zote.

Dhana: Msimbo ulio wazi kwa kila mtu hauwezi kuwa salama.

Mwezi Machi 2021 ilitangazwa mianya minne ya usalama katika Exchange ambayo tayari wavamizi walikuwa wakiitumia, na maelfu ya seva duniani ziliingiliwa. Takribani miaka miwili kabla ya hapo, Juni 2019, mwanya mkubwa ulibainika katika Exim, programu nyingine huria ya seva ya barua pepe, na seva zake nazo zikashambuliwa. Hata hivyo toleo la Exim 4.92, lililotoka Februari mwaka huohuo, halikuwa na mwanya huo. Walioumia ni wale waliokuwa bado kwenye matoleo ya zamani. Swali la kuuliza, basi, ni nani atakayeweka viraka vya usalama (marekebisho ya kuziba mianya), na ataviweka ndani ya siku ngapi. Taasisi isiyoweza kumtaja mtu huyo kwa jina haijawa tayari kuendesha seva yoyote.

Dhana: Programu huria ni kazi ya vijana wanaojaribujaribu.

Exim ilianzishwa mwaka 1995 na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na Postfix ilitolewa mwaka 1998 na Wietse Venema alipokuwa IBM.

Dhana: Tukinunua programu ya gharama, barua zetu hazitaingia kwenye barua taka.

Hii ndiyo dhana inayopoteza fedha nyingi zaidi, nami huumia kila ninapoisikia. Seva inayopokea barua haioni stakabadhi ya leseni yako. Hutazama sifa ya anwani ya IP (namba ya seva yako kwenye intaneti), hukagua kama anwani hiyo ina jina linalolingana nayo katika DNS (orodha ya majina ya intaneti), kisha hupima rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye jina hilo. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamezidi kukaza masharti hayo, hasa kwa wanaotuma barua kwa wingi. Ofisi moja mjini Mbeya iliniita ikiwa imeshaamua kuachana na Postfix kwa sababu barua zake hazikuwa zikifika. Kasoro ilikuwa jina la anwani ya IP, ambalo mtoa huduma wao wa intaneti hakuwa ameliweka. Lilipowekwa, na SPF ikarekebishwa, barua zilianza kufika bila programu kubadilishwa.

Dhana: Kampuni kubwa haitatuacha njiani.

Msaada wa Exchange 2016 na 2019 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Upande wa huria nao una mabadiliko yake: Zimbra, programu nyingine ya seva ya barua pepe, kuanzia toleo la 9, iliacha kutoa vifurushi vya bure vilivyo tayari kusimikwa. Ukilazimika kuhama, barua zenyewe huhamishika kwa IMAP (njia ya kawaida ya kusoma barua zilizo kwenye seva) bila taabu kubwa, ila kalenda na orodha za anwani ndizo husumbua. Kabla ya kusaini mkataba, mwombe fundi ahamishe sanduku moja la majaribio pamoja na kalenda yake, kutoka na kurudi, kisha andikeni saa alizotumia.